Alama za Sabuni

Mdogo wangu ameolewa Mombasa, na mwanawe wa kwanza alimaliza Gredi ya 9 mwaka 2025. Kwa msomaji asiyefuatilia mambo ya majirani zetu: Kenya ilifanya KCPE, mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na siku hizi alama inayompeleka mtoto sekondari ya juu haitoki katika mtihani mmoja. Asilimia 60 ni mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, asilimia 20 ni ule wa Gredi ya 6, na 20 nyingine ni kazi alizopimwa shuleni, Gredi ya 7 na ya 8, na walimu wake mwenyewe. Hizi ishirini za mwisho ndizo zilizomnyima mdogo wangu usingizi. "Dada," aliniambia kwenye simu, "mtoto mwenyewe mfupi, ana kigugumizi, akiitwa mbele anatetemeka. Mwalimu wake humwita 'kadogo'. Sasa mtu akuite 'kadogo' miaka miwili mizima, atakuandikia nini?"

Nilimpa jibu ambalo mwalimu yeyote mstaafu angempa: walimu wana vigezo, wamepewa miongozo, kazi za watoto zinahifadhiwa. Yote ni kweli. Hakuridhika, na hata mimi sikuridhika, kwa sababu habari ya sura na maksi naijua kutoka upande ambao watu hawapendi kuusimulia. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto anayependeza.

Sisemi hivi kwa majivuno. Uzuri wa mtoto wa miaka kumi, ukiuchunguza, nusu ni rangi aliyozaliwa nayo, na nusu ni mafuta, sabuni na pasi ya mama yake. Nilisoma shule ya msingi wilayani Muheza, katikati ya mashamba ya mkonge, kuanzia mwaka 1976. Mkonge wenyewe ulikuwa umeshaanza kuyumba; mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani laki mbili, kisha kamba za nailoni zikaila bei yake. Lakini shamba letu lilikuwa bado hai, na baba alikuwa karani. Sisi tuliishi nyumba za makarani. Wakata mkonge, wengi wao wazee waliotoka Kigoma na Songea tangu enzi za manamba, waliishi kule tulikokuita laini. Baada ya nchi kutangaza elimu ya msingi kwa kila mtoto mwaka 1977, watoto wa nyumba za makarani na watoto wa laini tulibanana dawati moja.

Kisha vikaja Vita vya Kagera, na baada ya vita ikaja miaka ya kukosa kila kitu. Waliokuwepo wanakumbuka: kibiriti kwa mgawo, sukari kwa mgawo, kitambaa cha sare ni bahati. Sabuni ikawa jambo la kunong'onezana. Kule laini walifua kwa majani ya mpapai, na wenye kujua kazi hiyo watakwambia kwamba majani ya mpapai yanaondoa jasho lakini hayairudishii nguo weupe wake. Kwetu mche wa sabuni haukukosekana. Baba aliandika vitabu vya hesabu, na mwenye duka lenye mgawo alimheshimu mwandishi wa vitabu.

Kila Jumatatu tulikaguliwa mstarini. Mwalimu wa zamu alipita na fimbo yake akitazama kucha, meno, nywele, kola ya shati. Matokeo yaliandikwa, na mwisho wa muhula yaliingia kwenye ripoti pamoja na nidhamu, bidii na ushirikiano. Jambo hili lilikuwa na asili njema. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamika kwamba mitihani hupima uwezo wa kukariri na kutapika, wala haipimi fikra, tabia au moyo wa kutumikia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kazi za kila siku na mwenendo wa mwanafunzi navyo vihesabiwe. Nani angepinga? Ila katika shule yetu, mwaka 1981, alama ya usafi ilipima sabuni. Mimi nilipata A. Msichana niliyekaa naye dawati moja, aliyetoka laini na kuoga mtoni kila alfajiri kabla sijaamka, alipata D, akachapwa kwa kola iliyogeuka rangi ya chai.

Alama moja ingebaki mahali pake, nisingekuwa na la kuandika. Lakini A ile haikutulia. Mkuu wa wilaya alipokuja shuleni, mimi ndiye niliyechaguliwa kumvisha skafu. Mwenge ulipopita, nilisimama mstari wa mbele kwenye halaiki, ingawa viungo vyangu vilikuwa vizito na nilikosea hatua. Katika ngonjera nilipewa shairi refu. Kwa kuwa nilisimama mbele, walimu walilijua jina langu. Kwa kuwa walilijua jina langu, waliniuliza maswali darasani. Na nikikosea walinisubiri nijaribu tena. Mwenzangu akikosea, kidole cha mwalimu kilikuwa kimeshahamia dawati jingine.

Darasa la sita tulifika kwenye kugawanya sehemu kwa sehemu, na mimi nikakwama kabisa. Mwenzangu alinifundisha mapumziko, chini ya mwembe. Alichukua singa ndefu ya mkonge, akaikunja nusu, akaikata, akaniuliza: robo zinaingia mara ngapi katika nusu hii? Nikaona mara mbili kwa macho yangu. Tukafanya maswali kumi kwa namna yake, ambayo haikuwa namna ya mwalimu. Majibu yakawa sawasawa, na hatua zikawa sawasawa. Mwalimu aliyalaza madaftari mawili mezani, akatutazama, na hakuchukua muda kuamua nani alimwangalizia nani. Mimi niliandikiwa "Vizuri sana." Mwenzangu alipata sifuri na fimbo nne.

Nilisimama nikasema ukweli: yeye ndiye aliyenifundisha. Mwalimu alitabasamu. "Mwanangu, una roho nzuri," akasema, "lakini usimtetee mwizi." Basi hata ukweli wangu ulihesabiwa kuwa sifa yangu. Nimelifikiria tukio hili kwa miaka mingi kuliko lolote lililonipata shuleni, na sijawahi kumwona mwalimu yule kuwa mtu mbaya. Alikuwa hodari, alikuja kazini akiwa na malaria, alitununulia chaki kwa mshahara wake. Hakukusudia kudhulumu. Aliona alichokwisha kukiona tangu Jumatatu mstarini.

Mwaka 1982 tulifanya mtihani wa kumaliza darasa la saba. Tulipewa namba. Karatasi zilikwenda tusikokujua, kwa watu wasiojua nani alivisha skafu na nani ana kola ya rangi ya chai. Nafasi za sekondari za serikali wakati ule zilikuwa chache mno, shule ikitoa watoto wawili au watatu ilikuwa sherehe. Majina yalipokuja, la mwenzangu lilikuwemo. Langu halikuwemo.

Jioni ile mwalimu mkuu alikuja nyumbani kumpa baba pole. Alikaa mpaka usiku, akanywa chai, akasema huenda kuna makosa huko makao makuu. Kule laini hakwenda mtu kutoa pongezi.

Baba alikuwa na uwezo kidogo, nikapelekwa shule ya wazazi. Mwenzangu alikwenda shule ya wasichana ya serikali na hatimaye akawa mfamasia. Anayesemwa sana kuhusu upendeleo ni yule aliyenyimwa, na ni haki asemwe yeye kwanza. Lakini aliyepewa naye hutoka na deni. Kwa miaka saba hakuna aliyenikosoa kwa uzito. Daftari langu lilijaa vema, na chini ya vema hizo kulikuwa na mashimo ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kuyaona. Nilifika kidato cha kwanza nisijue kwamba sijui, na walimu wa pale, waliokuwa na wanafunzi wengi na vitabu vichache, hawakuwa na nafasi ya kunirudisha nyuma.

Kulikuwa na deni la namna nyingine pia. Kidato cha tatu, mwalimu mmoja wa somo la insha alianza kunipa alama ambazo hata mimi niliziona zimezidi. Nilizoea, nikashukuru. Siku moja aliniita ofisini wakati wenzangu wako bwaloni, akafunga kitabu cha alama, akaniuliza kama najua alama zile zilitoka wapi. Nilitoka nikikimbia. Muhula uliofuata nilishuka kutoka nafasi ya tatu hadi ya ishirini na kitu katika somo lile, na sikuweza kumweleza baba kwa nini. Leo lipo jina la jambo hili katika sheria. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa. Wakati ule hatukuwa na neno, na nadhani wasichana wengi wa rika langu walidhani walivutia balaa wenyewe. Ninalotaka kulisema ni kwamba vitu hivi viwili ni jirani zaidi kuliko tunavyokiri. Mahali ambapo maksi hutolewa kwa sura bila mtu kushtuka, anayetaka kuziuza kwa sura hana haja ya kujificha sana.

Nilikuja kuwa mwalimu, wa Kiswahili. Chuoni nilikutana na maelezo ya kitaalamu ya yale niliyoyaishi. Mwaka 1920 Mmarekani Edward Thorndike alichunguza jinsi makamanda wa jeshi walivyowapima maofisa waliokuwa chini yao: umbile, akili, uongozi, tabia. Aliona alama za mambo haya, ambayo hayana sababu ya kufuatana, zikifuatana kupita kiasi. Aliyesifiwa kwa umbo alisifiwa kwa yote. Mwaka 1973 Margaret Clifford na Elaine Walster waliwapelekea walimu wa darasa la tano katika jimbo la Missouri ripoti ya mwanafunzi, ile ile neno kwa neno, ila picha iliyobandikwa ilibadilika. Mtoto mwenye sura ya kuvutia alikadiriwa kuwa na akili zaidi na kwamba atasoma mbali zaidi. Hata wazazi wake walidhaniwa kuijali elimu zaidi. Niliposoma hilo la wazazi nilicheka peke yangu maktaba. Nilimkumbuka mama wa mwenzangu, aliyetoka laini kwa miguu mpaka ofisi ya shule kuomba mwanawe asifukuzwe kwa sababu ya sare.

Shule iliyonifunza zaidi ilikuwa chumba cha kusahihishia mtihani wa taifa. Baraza la Mitihani, lililoanzishwa mwaka 1973, huwakusanya walimu kutoka kila upande wa nchi. Mnalala mabweni kama wanafunzi, mnakula pamoja, na mnasahihisha kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hakuna anayesahihisha karatasi nzima. Mimi napewa swali langu, jirani yangu swali lake, na karatasi inasafiri mezani kutoka mkono mpaka mkono. Ninapofika swali la sita sijui mtahiniwa alifanyaje la kwanza, maana aliyelisahihisha amekaa mwisho kule. Mtahiniwa ana namba tu. Siku ya kwanza niliona ubaridi wa jambo hili, nikakosa raha. Mimi ni mwalimu; nilitaka kujua ni nani huyu aliyeandika insha juu ya bibi yake kwa upole vile. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nimeelewa kwamba kutojua kwangu ndiko kulikomlinda.

Si ulinzi kamili. Mwandiko ni uso wa pili. Nilijikuta nikipunguza mwendo kwenye herufi za duara zilizopangwa vizuri, na nikipita haraka kwenye karatasi zenye makovu ya wino, mpaka kiongozi wa jopo alipoanza kuokota karatasi zilizokwisha kusahihishwa na kuzipitia tena. Kalamu yake ilikuwa ya rangi nyingine. Ilinikera, na ilinisaidia.

Utafiti mmoja wa karibuni umenipa picha ya pili ya jambo lile lile. Adrian Mehic, wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, aliangalia alama za wanafunzi wa uhandisi kabla na baada ya masomo kuhamia kwenye kompyuta wakati wa Uviko, akachapisha matokeo mwaka 2022. Katika masomo ya hesabu tupu, sura haikuwa na faida tangu mwanzo. Katika masomo mengine, yale yenye kazi za kuwasilisha na mazungumzo ya darasani, wanafunzi wenye sura nzuri walikuwa na ziada. Na nyuso zilipotoweka darasani, ziada ya wasichana ilitoweka nazo. Ya wavulana ilibaki, jambo linaloonyesha kwamba uzuri haufanyi kazi kwa njia moja tu. Huenda kijana anayependeza hujiamini, na kujiamini humfanya asome.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: basi tuwape watoto wote namba tangu darasa la kwanza, tumalize. Nilikaribia kuamini hivyo, mpaka nilipopata darasani kwangu mvulana mwenye ualbino. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, kofia usoni, daftari lake limejaa maneno nusu nusu. Walimu walionitangulia walikuwa wameshaafikiana kwamba ni mzito. Hakuna aliyemwonea katika kusahihisha. Alama zake zilikuwa mbovu kwa haki kabisa, kwani alinakili ubao asiouona. Watu wenye ualbino wengi wana uoni hafifu, na Baraza lenyewe huwatayarishia watahiniwa wa aina hiyo karatasi za maandishi makubwa. Sisi tuliokaa naye kila siku ndio hatukumtayarishia hata kiti cha mbele. Tuliitazama ngozi yake, tukaogopa au tukahurumia, na hatukutazama macho yake yanavyohangaika. Namba isingemfaa mtoto yule. Yeye alihitaji mtu wa kumtazama vizuri zaidi, amsogeze mbele, aandike herufi kubwa, amsomee ubao kwa sauti. Nilipofanya hivyo alama zake zilipanda, si kwa muujiza, kwa kadiri tu ya mtoto wa kawaida mwenye akili ya kawaida anayeona anachofundishwa.

Kwa hiyo mwalimu anatakiwa kuwa watu wawili. Anayefundisha lazima aujue uso: nani amelala njaa, nani haoni, nani ana aibu. Anayesahihisha heri asiujue kabisa. Matatizo huanza pale mtu mmoja anapofanya kazi zote mbili kwa kalamu moja, na mipango mingi ya tathmini inayopendwa sasa, Kenya na hata kwetu, inamdai afanye hivyo hasa. Nakubali kwamba kazi ya miaka miwili inamweleza mtoto kuliko asubuhi moja ya mtihani. Nyerere alikuwa sahihi katika hilo. Sikubali kwamba kumhimiza mwalimu awe na haki kunatosha. Mwalimu wangu wa darasa la sita alikuwa na haki tele moyoni.

Katika shule niliyofundisha mwisho tulitumia kitu ambacho shule nyingi za Tanzania tayari zinacho: mitihani ya ujirani mwema. Shule za jirani hutunga mtihani mmoja, na walimu hubadilishana karatasi. Kawaida shabaha yake ni mazoezi kabla ya mtihani wa taifa. Tuliomba itumike pia kwa kazi za kawaida zinazohesabiwa, insha kwanza, majina yafichwe, karatasi zivuke mto hadi shule ya ng'ambo. Haikupokelewa kwa furaha. Mwenzetu mmoja aliuliza ofisini kama sasa tumekuwa wezi wa kulindana. Pia ilikuwa kazi: nauli ya bodaboda kubeba mabunda, karatasi kuchelewa, shule moja kusahihisha kwa ukali kupita nyingine mpaka tulipokaa siku nzima kulinganisha miongozo.

Karatasi za kwanza ziliporudi, orodha ya kumi bora haikupinduka. Wengi walibaki karibu na pale walipokuwa, na nasema hivi kwa ajili ya walimu wanaodhaniwa kuwa hawasahihishi ila nyuso. Lakini kijana mmoja, aliyezoeleka mkiani, mwenye shati la kuchekwa na harufu ya mafuta ya taa kwa sababu aliuza mafuta hayo jioni, alirudi akiwa wa nne. Mwalimu wake wa somo alikataa. Alisema kule ng'ambo wamechanganya namba, akaomba insha ile aisahihishe upya yeye mwenyewe, mbele yetu, kwa mwongozo. Tulimpa karatasi bado ikiwa na namba tu. Alisoma taratibu, akaweka vema zake pembeni, akajumlisha mara mbili. Alimpa alama tatu zaidi ya zile za ng'ambo.